Amplifaya hadi ipate moto: dalili, vyanzo na hatua za kuchukua

Malalamiko ya watu wenye muziki wa nyumbani karibu yote huja na saa yake. "Nikiwasha asubuhi spika ya kushoto kimya, nikiiacha robo saa inaamka." "Inapiga vizuri nusu saa, halafu inajizima." "Santuri ya kwanza usiku wa baridi inakwaruza, ya pili iko safi." Saa hiyo ndiyo kidokezo bora ulichonacho kabla hujafungua pochi wala bisibisi. Kasoro ya sekunde ya kwanza, ya dakika ya kumi na ya baada ya saa nzima hazikai sehemu moja ndani ya mashine.

Joto lina kazi yake, hilo ni kweli. Volteji inayofungua transista hushuka kwa takriban milivolti 2 kila joto linapopanda nyuzi 1 ya Selsiasi. Kwa hiyo mkondo unaopita kwenye transista kubwa za kutolea sauti hauwi uleule amplifaya ikiwa baridi na ikiwa na moto, na ndiyo maana watengenezaji huweka kifaa kidogo cha kuhisi joto kwenye mapezi ya kupoozea ili kiusawazishe. Amplifaya za daraja la AB, ambazo ndizo nyingi majumbani, hutulia ndani ya dakika 15 hadi 30. Za daraja A, ambazo huwa na moto hata muziki ukiwa umesimama, huchukua hadi saa moja. Za valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti badala ya transista) huhitaji karibu nusu dakika nyuzi zake ziwake ndipo sauti itoke, kisha muda kidogo wa kutulia.

Mabadiliko utakayoyasikia katika muda huo, ukiyasikia, ni madogo mno. Hakuna kupasha moto kunakopaswa kurudisha spika iliyokuwa kimya, kuondoa mkwaruzo au kumaliza mvumo. Amplifaya nzima huimba pande zote mbili mara tu rilei yake, swichi ya ndani inayounganisha spika, inapogonga "tak", sekunde chache baada ya kuwashwa. Inayosubiri joto ndipo iimbe ni mgonjwa, na ukiizoea hali hiyo utakuja kulipia spika pia.

Kabla ya yote: badilisha kushoto na kulia

Kipimo hiki hakigharimu kitu na huokoa safari nyingi za kwa fundi. Zima amplifaya. Nyuma yake, pini ya kushoto ya kuingizia sauti iweke kulia, ya kulia kushoto. Washa. Kasoro ikihamia spika ya pili, tatizo liko kwenye deki, simu au king'amuzi chako, au kwenye waya unaotoka huko. Ikibaki palepale, zima tena, rudisha pini, kisha badilishana nyaya za spika nyuma ya amplifaya. Ikihama sasa, mgonjwa ni amplifaya. Iking'ang'ania spika ileile, shughulika na spika hiyo na waya wake. Usibadilishe nyaya za spika amplifaya ikiwa imewashwa. Nyuzi mbili zikigusana kwa sekunde moja zinaweza kuunguza transista za kutolea sauti.

Upande mmoja kimya, au unakwaruza, mpaka ipate moto

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na wengi hulichukulia kama tabia ya mashine ya zamani. Vyanzo vyake, kwa kadiri vinavyojitokeza:

Cha kwanza ni kutu kwenye miunganiko. Tanga, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, popote hewa ya chumvi inapofika, pini na matundu yake hufifia na kushika utando mweusi. Zima, chomoa kila pini, ipanguse kwa kitambaa kilicholowa spiriti safi, irudishe huku ukiizungusha. Ncha za nyaya za spika zikiwa za kijani au nyeusi, kata sentimita mbili na umenye upya.

Cha pili ni swichi na vitasa. Vitasa vya sauti, vya besi, vya mizani ya kushoto na kulia, na swichi ya spika A na B hushika vumbi na utando ndani. Amplifaya ikiwa imezimwa, zungusha kila kitasa kutoka mwanzo hadi mwisho mara nyingi na ubonyeze kila swichi vivyo hivyo. Sauti ikirudi hata kwa siku mbili tu, umempata mkosaji, na dawa yake ni spreyi ya kusafishia kontakti za umeme, ambayo fundi huipuliza ndani ya kitasa chenyewe. Mafuta ya bawaba za mlango hayafai: yanavutia vumbi na kulifanya tope. Amplifaya nyingi za Kijapani za miaka ya 1970 zina pia vipande vya chuma vyenye umbo la U mgongoni, vinavyounganisha PRE OUT na MAIN IN. Vikishika kutu, upande mmoja hukatika kabisa. Vichomoe, visugue kwa kitambaa, virudishe.

Cha tatu, na hapa nataka ukae kidogo, ni rilei ya spika. Ina dalili yake ya pekee. Ukisikiliza kwa sauti ya chini upande mmoja unafifia au unapotea; ukiongeza sauti unarudi ghafla kwa kishindo kidogo na kubaki hata ukipunguza tena. Ndani ya rilei kuna vidole viwili vya chuma vinavyokutana ili kupitisha muziki kwenda kwenye spika. Kila vinapokutana na kuachana huungua kidogo, na baada ya miaka hufunikwa na utando mwembamba ambao sauti ndogo haiwezi kuupenya. Sauti kubwa inaupenya. Mtu huwasha, husikia upande umekufa, huacha kidogo, hupandisha sauti, kisha husema mashine imepata moto. Joto halikufanya lolote hapo. Rilei ibadilishwe kwa nyingine yenye volteji ileile ya koili na uwezo uleule wa ampea. Kuna mafundi wanaoisugua kwa msasa. Inapona kwa muda mfupi, lakini msasa unaondoa chuma bora cha juu na ugonjwa unarudi upesi. Rilei mpya ni bei ndogo ukilinganisha na kubadilisha spika.

Cha nne ni viungo vya lehemu vilivyopasuka. Amplifaya hupanuka ikipata moto na hunywea ikipoa, na baada ya maelfu ya mizunguko hiyo lehemu hupata ufa kuzunguka miguu ya vipuri vizito. Bila kufungua mfuniko, gonga juu ya kasha kwa vidole. Upande uliopotea ukirudi, au mkwaruzo ukibadilika, ni dalili nzuri ya ufa.

Mwisho kuna transista au kapasita iliyochoka. Hiyo hujitambulisha kwa kelele kama mvua ya mbali yenye milipuko midogo, isiyobadilika hata ukishusha sauti hadi sifuri. Fundi mzuri huitafuta kwa kipulizia nywele na spreyi ya baridi: anapasha eneo moja, anapoza jingine, mpaka kipuri kibaya kilalamike.

Kazi yako nyumbani inaishia kwenye pini, vitasa na kugonga kasha. Kapasita kubwa za ndani hubaki na chaji hata baada ya plagi kutoka ukutani, na kwenye amplifaya za valvu chaji hiyo hufika volti 300 na zaidi, za kutosha kuua. Usifungue mfuniko kama hujui kupima na kumaliza chaji hiyo.

Taa inawaka, sauti hakuna kabisa

Sikiliza kama rilei imegonga. Ikiwa imegonga, chanzo kinachoongoza ni kitufe cha TAPE MONITOR kilichobonyezwa na mtu aliyekuwa akifuta vumbi. Kikiwa ndani, amplifaya inasubiri sauti kutoka kwenye deki ya kaseti ambayo pengine humiliki. Kitoe. Kisha angalia swichi ya spika isiwe kwenye OFF, na uhakikishe umechagua chanzo sahihi.

Ikiwa haijagonga, amplifaya imejilinda. Zima, ondoa nyaya zote mbili za spika, washa tena. Ikigonga sasa, tatizo liko kwenye waya au spika: tafuta unywele mmoja wa shaba uliotoka kwenye tundu jekundu ukagusa jeusi. Isipogonga hata bila spika, huenda kuna umeme mnyoofu (DC) unaovuja kuelekea kwenye matundu ya spika, na rilei inazuia usiunguze koili zake. Hapo simama. Kuna watu huiruka rilei kwa kipande cha waya ili muziki utoke. Umeme huo huchoma besi yako ndani ya sekunde chache, na unaweza kuwasha moto.

(Amplifaya ya valvu ni kinyume katika hili: isiwashwe kamwe bila spika, maana transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuharibika.)

Inapiga nusu saa au saa, halafu inajizima

Anza na hewa. Amplifaya iliyosukumwa ndani ya kabati, yenye king'amuzi juu yake na kitambaa cha kufumwa juu ya king'amuzi, haipumui. Iachie angalau sentimita 10 juu na nafasi pande zote, ondoa vumbi kwenye matundu kwa brashi laini, na uangalie mijusi na mende, ambao hupenda joto la transfoma.

Halafu hesabu omu, kipimo cha ukinzani wa spika. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba upande mmoja huwa omu 4. Mbili za omu 4 huwa omu 2. Soma mgongoni mwa amplifaya. Nyingi zimeandikwa kwamba A na B zikitumika pamoja, kila spika iwe na omu 8 au zaidi. Mtu aliyeongeza jozi ya spika kwa ajili ya sherehe na hajaiondoa ndiye anayekutana na tatizo hili.

Baada ya hapo angalia umeme wenyewe. Tanzania kiwango ni volti 230, Kenya ni 240, lakini jioni watu wakipika na kupiga pasi, nyumba ya mwisho wa laini hupata chini ya hapo. Umeme ukishuka sana rilei huachia na kushika, tak-tak-tak. Hapo stabilaiza ina kazi ya kweli.

Ikiwa hewa ipo, omu ni sahihi, umeme umetulia, na bado mapezi yanachoma kiasi cha kutoshikika huku sauti ikiwa ya chini, mkondo wa transista za kutolea sauti umepanda kupita kiasi. Zima na upeleke kwa fundi siku hiyohiyo; usiendelee kuijaribu.

Mvumo usiokoma

Chomoa nyaya zote za kuingiza sauti. Mvumo ukibaki, uko ndani ya amplifaya, mara nyingi kapasita kubwa za umeme zimekauka. Ukiondoka, rudisha waya mmoja baada ya mwingine mpaka uurudishe.

Mara nyingi mhusika ni waya wa dishi au antena. Dishi lina njia yake ya ardhini, plagi ina yake, na amplifaya inajikuta katikati ya njia mbili. Chomoa waya wa antena nyuma ya king'amuzi; mvumo ukikatika papo hapo, weka kitenganishi cha antena au chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Kwa santuri, angalia waya mwembamba wa ardhi unaotoka pamoja na pini mbili: ufungwe kwenye skrubu iliyoandikwa GND.

Kuna ushauri unaozagaa wa kukata au kuacha pini ya ethi ya plagi. Mvumo unaweza kuondoka kweli, lakini siku waya wa moto utakapogusa kasha, anayelishika atakuwa ndiye njia ya umeme kwenda ardhini. Usifanye hivyo hata kwa majaribio.

Mvumo unaotoka kwenye kasha lenyewe, si kwenye spika, ni transfoma kutetemeka. Wenye inveta za sola wanaujua: inveta isiyotoa wimbi safi la umeme huifanya transfoma ilie na kupata moto zaidi. Dawa ni inveta ya wimbi safi. Waya wa umeme wa bei kubwa hausaidii hapa.

Santuri inazunguka polepole, au inakwaruza mwanzoni

Njombe, Makete, Limuru au Nairobi mwezi wa Julai, baridi inahusika kweli. Mpira mdogo unaoshika mkono wa sindano hukakamaa, na sindano hushindwa kufuata mifereji vizuri. Watengenezaji wa vichwa vya sindano huviundia joto la chumba la nyuzi 20 na kidogo. Pasha chumba, au cheza kwanza upande wa santuri usiyoithamini sana. Mafuta ya ekseli na mkanda wa mpira navyo huwa vizito, hivyo meza ya santuri inayozungushwa kwa mkanda inaweza kuchelewa dakika chache.

Lakini ikiwa polepole yake haiishi, tazama kibandiko cha nyuma. Meza iliyotoka Marekani yenye mota ya kufuata hetsi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde) hucheza taratibu kwenye hetsi 50 zetu hata ukiipa transfoma ya kushusha volti: kasi ya 33⅓ inakuwa kama 27.8, na zile santuri ndogo za 45, ambazo muziki mwingi wa zamani wa Afrika Mashariki ulitoka nazo, zinashuka hadi 37.5. Mwimbaji anasikika amelala. Inahitaji puli ya hetsi 50. Meza isiyo na mkanda kama Technics SL-1200MK2, iliyotoka 1979, hufika kasi yake ndani ya sekunde 0.7; ikichelewa, usisingizie baridi.

CD haisomwi mpaka baada ya muda

Chumba kilichokuwa na kiyoyozi kikizimwa na madirisha kufunguliwa, hewa yenye unyevu hugandisha umande kwenye lenzi. Acha mashine iwake bila CD kwa saa moja. Ikiwa hakuna kiyoyozi na bado inakataa asubuhi, safisha lenzi. Baada ya hapo, leza imechoka.

Mtumba kutoka Japani: harufu, moshi, fyuzi kukatika

Kibandiko kikisema AC 100V, mashine hiyo ikichomekwa moja kwa moja inapokea umeme zaidi ya mara mbili ya uliokusudiwa. Fyuzi ikikatika ni bahati yako. Usiweke fyuzi kubwa zaidi wala karatasi ya sigara. Tafuta transfoma ya kushusha kutoka 230 au 240 hadi 100, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa mgongoni. Hetsi si tatizo kwa amplifaya nyingi za Kijapani, kwa kuwa Japani yenyewe hutumia hetsi 50 upande wa mashariki na 60 upande wa magharibi. Zilizoandikwa hetsi 60 pekee transfoma yake itachemka zaidi huku kwetu.

Valvu inawaka nyekundu

Mwanga wa chungwa wa nyuzi katikati ni wa kawaida. Bati la kijivu linalozizunguka likianza kuwa jekundu, zima papo hapo, usimalize wimbo. Valvu hiyo inapitisha mkondo kupita uwezo wake.

Nimenunua vifaa vya ziada, kasoro iko palepale

Naandika hili kwa sababu watu wanaumia. Anayesikia upande mmoja umefifia huuziwa waya wa spika, kisha waya wa umeme, kisha viguu vya kuwekea amplifaya, wakati rilei ndiyo inayoomba kubadilishwa.

Waya wa spika una hesabu rahisi. Shaba ya milimita mraba 1.5 kwa urefu wa mita 10, kwenda na kurudi, ina ukinzani wa karibu omu 0.23. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni chini ya asilimia 3, inatosha kabisa. Waya wa 0.75 una ukinzani mara mbili ya huo. Kwa spika ya omu 4 ungeweza kusikia besi imelegea. Ukinunua, kwaruza unyuzi mmoja kwa wembe: ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, yenye ukinzani wa takriban mara moja na nusu ya shaba au zaidi. Chagua 2.5 basi, au acha.

Kifaa cha kukinga umeme unaporudi ghafla kina thamani. Hata hivyo kuchomoa plagi umeme unapokatika, na kusubiri dakika chache baada ya kurudi, kunakinga vilevile.

Na kuiacha ikiwaka usiku na mchana ili iwe na moto daima? Amplifaya inayokula wati 40 bila muziki humaliza karibu uniti moja kila siku. Ya daraja A inayokula wati 200 humaliza 4.8. Zaidi ya hapo, kapasita hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Iwashe nusu saa kabla ya kukaa kusikiliza, ukimaliza izime.

Unapoipeleka kwa fundi

Mpe saa ya kasoro, upande, sauti ilikuwa juu au chini, na matokeo ya kubadilishana kushoto na kulia. Mwombe aiwashe mara ya kwanza kupitia balbu iliyofungwa kwa mfululizo, ili kama kuna shoti balbu iwake badala ya transista kuungua. Omba vipuri vya zamani urudishiwe. Usiichukue iliyotengenezwa asubuhi na kushinda mezani ikiwaka: iache ipoe usiku kucha, urudi kesho yake, iwashwe mbele yako ikiwa baridi, sauti ikiwa chini kabisa, na usikilize upande uleule uliokuwa ukipotea.